Kumsomea mtoto, tangu uchanga hadi ujana

Kumsomea mtoto kwa sauti ni kazi ya watu wawili na kitabu kimoja: mkubwa anatamka yaliyoandikwa, mdogo anasikiliza na kutazama picha, na wote wawili wanayazungumza. Si sawa na kuhadithia. Bibi anayetoa ngano jioni, akiita "Paukwa" na wajukuu wakiitikia "Pakawa", huitunga upya kila usiku. Hurefusha pale wanapocheka na kufupisha pale anapoona wanasinzia. Kitabu hakibadiliki. Sentensi iliyosomwa Jumatatu ndiyo itakayosomwa Alhamisi, kwa maneno yaleyale na mpangilio uleule, na kwa njia hiyo mtoto hugundua kwamba zile alama nyeusi zinahifadhi maneno. Hakuna sababu ya kuzishindanisha desturi hizi mbili. Nyumba yenye bibi anayejua ngano na vitabu vitano juu ya rafu ina utajiri maradufu.

Faida ya kwanza ya kitabu ni lugha yake. Mwaka 1988 Donald Hayes na Margaret Ahrens wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walilinganisha msamiati wa vitabu na ule wa mazungumzo, wakaona kuwa vitabu vya watoto vina maneno adimu mengi kuliko mazungumzo ya kawaida ya watu wazima waliosoma hadi chuo kikuu. Utafiti huo ulihusu Kiingereza, lakini kwa Kiswahili hali si ngeni. Maisha ya nyumbani huendeshwa kwa maneno machache yanayojirudia: njoo, kula, kaoge, acha, viatu viko wapi. Mtoto wa Nairobi anayeongea Sheng na wenzake, au wa Dar es Salaam aliyezoea lugha ya mtaani, anaweza kufika darasa la nne bila kusikia mtu akisema "ilhali", "lau" au "maadamu". Maneno ya namna hiyo hayashiki kwa kukaririshwa orodha. Hushika yanapokuja ndani ya kisa, yakiwa yamezungukwa na mambo ambayo mtoto anayaelewa.

Masikio huanza kazi kabla ya kuzaliwa. Mwaka 1986 Anthony DeCasper na Melanie Spence walichapisha jaribio lililofanywa Marekani, ambamo wajawazito walisoma hadithi moja ya watoto kwa sauti, mara mbili kwa siku, katika wiki 6 za mwisho za ujauzito. Watoto walipozaliwa walipewa chuchu maalumu ya kunyonya, iliyounganishwa na kinasa sauti kiasi kwamba namna ya kunyonya ndiyo iliyochagua hadithi ya kusikika. Wengi walinyonya kwa namna iliyowaletea ile hadithi waliyoisikia tumboni, hata iliposomwa na mwanamke mwingine. Hakuna aliyedai kuwa walielewa kisa. Walichotambua ni mapigo ya lugha: kupanda na kushuka kwa sauti, vituo, vina.

Kwa hiyo katika miezi sita ya mwanzo si muhimu sana ni kitabu gani kinachosomwa. Mtoto mchanga huona vizuri zaidi vitu vilivyo umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ni kama umbali wa uso wa anayempakata, na huvutwa na picha kubwa zenye rangi zinazotofautiana sana. Mama anaweza kumsomea gazeti, Zaburi au kitabu cha mapishi, na mtoto akafaidi sauti. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kilitoa mwongozo unaowataka madaktari kuwashauri wazazi waanze kuwasomea watoto tangu kuzaliwa. Kuanzia miezi sita kitabu huwa pia chakula: kinang'atwa, kinalowanishwa mate, kinatupwa chini. Hapo ndipo vitabu vya kurasa ngumu au vya kitambaa vinapofaa, na ndipo wazazi wengi wanapokosea kwa kukiondoa kitabu kwa hofu ya kuchanika. Mtoto anayekitafuna anajifunza kwamba kina kurasa, kwamba kurasa hufunuliwa, na kwamba kina juu na chini.

Kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu linakuja jambo linalowachosha wazazi kuliko yote: kutakiwa kusoma kitabu kilekile usiku hata usiku. Mzazi anayeruka ukurasa ili amalize mapema hukamatwa papo hapo, maana mtoto amekwisha kuhifadhi kitabu kizima. Huu si ukaidi. Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha mwaka 2011 utafiti uliowahusisha watoto wa miaka mitatu. Kundi moja lilisomewa hadithi ileile mara kwa mara, kundi jingine likasomewa hadithi tofauti, na maneno mapya yalikuwa yaleyale, yakisikika idadi ileile ya mara. Walioshikilia hadithi moja ndio waliokumbuka maneno vizuri zaidi. Mtoto anaposikia kisa kwa mara ya kwanza hushughulika na nani kafanya nini. Akili hupata nafasi ya kulishika neno lenyewe akishajua kisa kinaelekea wapi. Katika umri huo dakika tano zinatosha, na mtoto akiondoka katikati ya ukurasa kwenda kumfukuza kuku, kikao kimekwisha.

Kipindi cha miaka mitatu hadi sita ndicho kilichochunguzwa zaidi, na jambo lililojitokeza ni kwamba wingi wa kurasa zilizosomwa hauna uzito kama mazungumzo yanayofanywa juu yake. Grover Whitehurst na wenzake wa Stony Brook, New York, walionyesha hivyo mwaka 1988, kwa watoto walio chini kidogo ya umri huu. Waliwachukua wazazi ambao tayari walikuwa na mazoea ya kuwasomea watoto wao wadogo, wakawafundisha baadhi yao mbinu chache: kuuliza maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" au "hapana", kurefusha jibu la mtoto, na kumsifu anapojaribu. Baada ya mwezi mmoja watoto wa wazazi hao walikuwa mbele ya wenzao kwa miezi kadhaa katika vipimo vya kujieleza. Wote walikuwa wamesomewa. Tofauti ilikuwa ni nani aliyekuwa akiongea.

Namna hiyo ya kusoma haihitaji vifaa. Tuseme kuna picha ya fisi aliyeinama kwenye kisima, kamba mkononi, na chini kabisa kobe ameketi ndani ya ndoo. Mama amesoma sentensi mbili, akanyamaza.

"Kobe yuko wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Yuko kwenye ndoo, ndani ya kisima kirefu. Fisi anataka kufanya nini?"

"Kumvuta."

"Anamvuta ili amsaidie?"

Mtoto anatazama meno ya fisi. "Hapana, mama. Ana njaa huyo."

"Ehe! Fisi ana njaa, kwa hiyo anamvuta kobe ili amle. Wewe ungekuwa kobe ungefanyaje?"

Katika maswali hayo machache mtoto ametoka kwenye kutaja mahali hadi kwenye kukisia nia ya mhusika, jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye ukurasa. Mama naye amemrudishia maneno yake yakiwa yamerefushwa, "ana njaa, kwa hiyo anamvuta ili amle", bila kumwambia kuwa amekosea. Kisha anaendelea kusoma. Kuendelea ni muhimu: maswali matatu au manne kwa kitabu kizima yanatosha. Yakizidi, hadithi hugeuka mtihani, na watoto wa nchi zetu wana mitihani ya kutosha.

Kuna jambo dogo ambalo wazazi wengi hawalijui. Wachunguzi waliofuatilia macho ya watoto wa umri huu wakati wakisomewa walikuta kwamba karibu muda wote wanatazama picha, maandishi hayatazamwi. Kidole cha msomaji kikipita chini ya mstari mara mojamoja, kikaonyesha mahali neno linapoanzia au herufi iliyo pia kwenye jina la mtoto, macho huhamia kwenye maandishi. Inatosha kufanya hivyo kwa kurasa mbili tatu. Kidole kinachotembea kitabu kizima humchosha msikilizaji na msomaji.

Kisha mtoto anaingia darasa la kwanza, na hapo ndipo nyumba nyingi zinapoacha kumsomea. Anafundishwa kusoma, kwa hiyo inaonekana kuwa zamu yake imefika. Kwa Kiswahili kosa hili ni rahisi kulifanya kuliko kwa lugha nyingine, na chanzo chake ni uzuri wa tahajia yetu. Kila irabu ina sauti moja, na silabi zinafuata mpangilio ambao mtoto huumudu mapema: ba, be, bi, bo, bu. Vikwazo ni vichache, kama "ng'", "nyw" na "mbw". Mtoto wa Kiingereza hupambana kwa miaka na maneno ambayo tahajia yake haifanani na matamshi yake. Wa Kiswahili, akishazijua silabi, anaweza kutamka "halmashauri" na "maangamizi" bila kusita. Wazazi wanafurahi, mwalimu anaweka alama ya vema, na hakuna anayeuliza kama ameelewa.

Mpe mtoto wa darasa la pili sentensi hii: "Kobe akajitwika mzigo wake, akashika njia." Ataisoma vizuri. Akiulizwa kobe alishika nini, atajibu "njia". Akiulizwa aliishika vipi, si ajabu akajibu "kwa mkono". Mwambie asome "Mfalme akapigwa na butwaa" halafu uliza nani alimpiga mfalme. Wapo watakaosema ni Butwaa, na watataka kujua kama alikamatwa. Watoto hawa si wajinga. Lugha ya vitabu imejaa misemo ambayo herufi hazisaidii kuifungua, nayo hufunguka kwa kusikika mara nyingi kutoka kwa mtu anayeisoma kwa sauti yenye maana, akatua, akaeleza, akaendelea. Tanzania ilipoanza mwaka 2015 kutumia mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita kwenye stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, maarufu kama KKK, ilikuwa inajibu tatizo la kweli: wanafunzi wengi walikuwa wakipanda madarasa bila kujua kusoma. Tathmini za Uwezo za Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa zimeonyesha hivyo waziwazi, kwa kuwapima hata wanafunzi wa madarasa ya juu kwa hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Lakini shule yenye watoto themanini katika chumba kimoja inaweza kufundisha silabi kwa pamoja. Kusoma na mtoto mmoja mmoja na kusikiliza anachokielewa, haiwezi.

Kati ya miaka sita na tisa, basi, kazi ni mbili na zisichanganywe. Ya kwanza ni mtoto kumsomea mkubwa kitabu chepesi, chenye sentensi fupi, ambacho hakosei maneno mengi. Ya pili ni mkubwa kumsomea mtoto kitabu kilicho juu ya uwezo wake wa kusoma. Pengo kati ya vitabu hivyo viwili ni la kawaida, maana uwezo wa kuelewa kwa kusikiliza hutangulia uwezo wa kuelewa kwa kusoma hadi mtoto anapokaribia miaka 13 au 14. Mtoto wa miaka saba anaposhurutishwa kubaki na "Juma ana mpira" peke yake, kwa sababu ndicho anachoweza kukisoma mwenyewe, anapata picha kwamba vitabu vina mambo machache kuliko ngano za bibi yake. Anapokosea neno wakati wa zamu yake, apewe nafasi ya kujisahihisha kabla ya kukatizwa. Akikwama, aambiwe neno na kisa kiendelee.

Kwa watoto ambao Kiswahili si lugha ya mama, kama wengi wa vijijini Usukumani au Ukambani, kusomewa kuna hatua moja zaidi. Mzazi husoma sentensi kwa Kiswahili na kuizungumza kwa lugha ya nyumbani. Hakuna ubaya wowote. Mtoto huelewa kisa kwa lugha anayoimiliki, kisha maneno ya Kiswahili huja kukaa juu ya maana ambayo tayari ipo.

Miaka tisa hadi kumi na minne ndiyo iliyosahaulika kabisa, na ndiyo yenye vitabu vitamu kuliko yote. Huu ni umri wa riwaya inayosomwa sura kwa sura, wiki mbili au tatu, na kuachwa usiku mahali ambapo mhusika yumo hatarini. Kiswahili hakina uhaba. "Adili na Nduguze" ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, ni fupi, na fumbo la liwali mwema anayewachapa manyani wawili kila usiku humkamata mtoto wa miaka kumi na mmoja tangu mwanzo. Lugha yake ni nzito kwa mtoto anayesoma peke yake. Ikisomwa na mtu mzima anayejua pa kutua, inaeleweka. "Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu", tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015, inafaa kwa walio wadogo kidogo; ya kabla yake, "Elisi Katika Nchi ya Ajabu" ya mwaka 1940, ilimchora Elisi kama msichana wa Kiafrika. Kwa waliofika miaka kumi na mitatu ipo "Siku Njema" ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ambayo maelfu ya Wakenya waliisoma shuleni ili wafaulu mtihani. Kuisikia nyumbani bila mtihani ni jambo tofauti kabisa.

Mtoto wa umri huu hataki kupakatwa wala kuulizwa fisi ana njaa. Husomewa huku akifanya kazi nyingine: mmoja anasoma, wengine wanachambua mchele au kukunja nguo. Si lazima kiwe kitabu. Kijana anayekimbia riwaya anaweza kukaa kimya akisikiliza uchambuzi wa gazeti juu ya mechi ya Simba na Yanga, kisha akabishana na mwandishi aya kwa aya, na kubishana na maandishi ni kusoma kwa kiwango cha juu. Zaidi ya hapo, riwaya huwapa mzazi na kijana mtu wa tatu wa kumzungumzia. Wivu, wizi, ujauzito wa mapema, kifo cha mzazi: mambo ambayo kijana hayasemi juu yake mwenyewe atayasema kwa urahisi juu ya mhusika.

Hali halisi ya nyumba nyingi, hata hivyo, ni watoto wa umri tofauti juu ya mkeka mmoja: wa miaka mitatu, wa saba na wa kumi na moja, na mkubwa mmoja aliyechoka. Kuwatenga kila mmoja na kitabu chake ni ushauri mzuri kwenye karatasi. Kinachowezekana ni kuanza na kitabu cha mdogo, kifupi na chenye picha, huku mkubwa akipewa maneno ya mhusika mmoja ayasome kwa sauti ya mhusika huyo; kisha kifuate kitabu cha wakubwa, na mdogo asikilize hadi usingizi umchukue. Visa vinavyobeba tabaka mbili hufaa sana. Visa vya Abunuwasi ni hivyo: mdogo anacheka vituko, wa miaka kumi na moja anatambua kuwa anayechekwa ni mfalme na hukumu zake. Ngano za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha mwaka 1870, kikiwemo kisa cha kima na papa, zilikuwa za watu wa umri wote tangu zamani na bado zinasomeka hivyo. Jambo la kuepuka ni kushusha lugha ya kitabu cha wakubwa kwa ajili ya mdogo. Yeye hajali, ameridhika na sauti na kuwa karibu.

Sauti ya msomaji haihitaji ufundi wa maigizo. Wasomaji wengi wa nyumbani husoma haraka mno, kwa mwendo wa mtangazaji wa taarifa ya habari. Mwendo wa polepole humpa mtoto muda wa kujenga picha kichwani, na kituo kabla ya jambo la kutisha hufanya kazi kuliko kelele. Ni vema mkubwa akipitie kitabu peke yake kwanza, ajue mahali penye neno gumu au habari isiyofaa kabla ya kulala.

Simu na kishikwambi vimeingia humu pia. Utafiti wa Tiffany Munzer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliochapishwa mwaka 2019, uliwaangalia wazazi wakisoma na watoto wadogo vitabu vya karatasi na vya kielektroniki. Kwenye kioo mzazi na mtoto walizungumza machache zaidi juu ya kisa, na kitabu hakikushikwa kwa pamoja kama kile cha karatasi. Hiyo si sababu ya kuikataa simu pale ambapo ndiyo maktaba pekee iliyopo. Mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini unatoa bure mtandaoni hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika, zilizopangwa kwa viwango. Simu ishikwe na mkubwa, sauti za kujiendesha zizimwe, na kisa kisomwe kwa mdomo wake.

Vitabu vya karatasi vya Kiswahili vipo kuliko inavyodhaniwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, umewezesha kuchapishwa kwa hadithi nyingi za watoto na kuzifikisha shuleni. Maktaba za mikoa zina sehemu za watoto ambazo mara nyingi hazina foleni. Kenya iliwahi hata kuamua kuwafuata wasomaji: mwaka 1996 maktaba ya ngamia ilianza kupeleka masanduku ya vitabu kwa wafugaji wa eneo la Garissa.

Mzazi asiyejua kusoma hana sababu ya kujitoa. Anaweza kufunua kurasa na kusimulia anachokiona kwenye picha, akauliza na kujibiwa, na sehemu kubwa ya faida iliyoelezwa hapa itapatikana. Anaweza pia kumkalisha mtoto wa darasa la tano amsomee mdogo wake, jambo linalomfaa msomaji sawa na msikilizaji: kitabu chepesi, ambacho angeona aibu kukisoma mbele ya wenzake, anakisoma sasa kwa heshima ya ukubwa wake. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki huyo ndiye msomaji aliyepo jioni, wakati baba na mama bado wako kituoni wanagombea daladala au wanafunga duka. Kitabu akabidhiwe yeye.